Mita 50 kwa bastola fupi: shajara ya mazoezi, Mombasa

Januari, mwanzo

Lengo naliandika hapa juu kabisa ili nisije nikalisogeza baadaye. Risasi kumi, mita 50, nimesimama, mikono miwili, bila kuegemea kitu, na zote ziingie ndani ya duara jeusi la shabaha ya kimataifa ya bastola. Duara hilo lina kipenyo cha sentimita 20. Pete ya kumi iliyo katikati ina sentimita tano, lakini hiyo kwa sasa naiacha. Bastola ni Glock 19 ya risasi za milimita 9, hiyo hiyo niliyoombea leseni kwa sababu ya biashara. Saiti, yaani vilengeo vya mbele na nyuma, ni za kiwandani, triga ya kufyatulia ni ya kiwandani, na sibadilishi chochote mpaka nijue tatizo liko wapi.

Uwanjani kwetu wengi tunaokutana Jumamosi tunapiga mita saba, tukijitahidi sana kumi na tano. Imani iliyoenea ni kwamba bastola fupi ni ya karibu, na ukitaka mbali utafute mtutu mrefu. Nimeisikia hata kwa watu wanaojua silaha kuliko mimi, na naona imani hii inatudhulumu. Kwa mita saba mkono ukiteleza kidogo hakuna anayejua. Mtu anaondoka na karatasi yenye tundu moja kubwa katikati, anaamini amehitimu. Mrudishe nyuma mpaka 50, ndipo mkono unaposema kweli. Na anayebeba silaha ya moto katika mji uliosongamana kama huu wetu ana deni la kujua risasi yake inaishia wapi. Kudhani hakutoshi.

Mita 50 kwa bastola si jambo la ajabu duniani. Mashindano ya umbali huo yalikuwa Olimpiki mpaka Rio 2016, na Jin Jong-oh wa Korea Kusini aliyashinda mara tatu mfululizo: 2008, 2012 na 2016. Wale hupiga kwa mkono mmoja. Ni kweli bastola zao ni za risasi ndogo, zimetengenezwa kwa kazi hiyo tu, na triga zake ni nyepesi mno. Mimi sijilinganishi nao. Ila shabaha yao ndiyo hii hii niliyoitundika, na duara jeusi ni lile lile.

Januari, baada ya kupima chuma

Kabla ya kuulaumu mkono nilitaka kujua bastola yenyewe inaweza nini. Niliilaza juu ya mifuko ya mchanga mita 25, nikapiga tano polepole. Matundu yalikaa ndani ya sentimita saba. Kwa hesabu ya haraka, mita 50 yatakaa ndani ya kumi na nne, na duara lina ishirini. Kwa hiyo nafasi ipo. Chuma kinaweza.

Kisha nikasimama. Mita 25, risasi kumi: sentimita 26, nyingi zimekwenda chini kushoto. Mita 50 sikupata cha kupima, kwa sababu baadhi hazikugusa karatasi kabisa.

Saba kwa ishirini na sita. Tofauti hiyo ndiyo mradi wenyewe.

Januari, usiku wa hesabu

Nimekaa na rula na kalamu. Kutoka saiti ya nyuma mpaka ya mbele kwenye Glock 19 ni milimita 153. Saiti ya mbele ikikosa kukaa katikati ya ile ya nyuma kwa milimita moja tu, risasi inapotea sentimita nne na nusu kwa mita saba, sentimita kumi na sita kwa mita 25, na karibu sentimita 33 kwa mita 50. Milimita moja! Kwa jicho la haraka huioni. Hapo ndipo bastola fupi inapokuwa ngumu kuliko ndefu. Risasi haitoki vibaya, lakini rula ya kulengea ni fupi, na rula fupi inakuza kila upungufu.

Hesabu ya pili ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Tuseme saiti zimepangana sawasawa, lakini mkono mzima unayumba mbele ya shabaha, kama kila mkono unavyoyumba. Kutoka jichoni hadi saiti ya mbele, mikono ikinyooka, kwangu ni kama sentimita 70. Mkono mzima ukisogea milimita moja huku saiti zimebaki zimepangana, risasi inahama sentimita saba tu kwa mita 50. Saba kwa thelathini na tatu. Kuyumba kwa mkono kunaumiza mara nne na zaidi chini ya kuachana kwa saiti.

Na mimi, kama wengi, nguvu zangu zote nilikuwa nazimalizia kwenye kuzuia kuyumba.

Februari

Kaskazi linavuma na joto limeshika. Saa mbili asubuhi viganja vimeshalowa. Mzee anayetufundisha, ofisa mstaafu wa polisi ambaye sote twamwita Ami, alinitazama nikipiga mita 25, akanyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza:

"Mwanangu, wangoja nini kabla ya kufyatua?"

"Nangoja itulie, Ami."

"Haitulii. Moyo wapiga, pumzi yaingia yatoka, mkono utayumba tu. Wewe ukiona saiti imepita katikati ndo wakimbilia triga. Ile mbio yako ndiyo yaivuta chini."

Akachukua magazini yangu, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, akageuka nisione, akachanganya risasi za kweli na za bandia zile za plastiki. Nikapiga ya kwanza, ya pili, na ya tatu ikawa bandia. Triga ilibofya, mlipuko haukuja, na mtutu ulizama chini kushoto upana wa kidole. Hakuna mshindo uliousukuma. Niliusukuma mimi, nikiukaribisha mshindo kabla haujafika. Kila aliyekuwa pale aliona.

Zoezi hili nalipendekeza kwa yeyote mwenye bastola na rafiki wa kumpakilia magazini. Mtu anaweza kubishana na mwalimu, na anaweza kubishana na karatasi akisema upepo, akisema risasi mbovu. Na mtutu uliozama bila mlipuko hakuna wa kubishana nao.

Kisha kuna suala la uzito, ambalo Ami alinielezea kwa vidole na mimi nikaenda kulithibitisha nyumbani. Glock 19 iliyojaa risasi ina uzito wa gramu 850 hivi. Triga yake ya kiwandani inataka nguvu ya takriban kilo mbili na nusu ili iachie. Yaani kidole kimoja kinasukuma kwa nguvu karibu mara tatu ya uzito wa kitu chenyewe kinachoshikwa. Kidole kisipokwenda nyuma moja kwa moja, au vidole vingine vikisaidiana nacho, lazima bastola igeuke. Na vidole hupenda kusaidiana. Shahada inapobonyeza, vile vitatu vya chini navyo vinajikaza, kiganja kizima kinabana kama kinachokamua tui, na ncha ya mtutu inainama. Kwa anayetumia mkono wa kulia inainama chini kushoto. Ndiyo matundu yangu yote ya Januari.

Februari, mwisho

Risasi ni ghali, na cheti cha umiliki kina kikomo cha idadi unayoruhusiwa kuwa nayo. Kwa hiyo nikaamua kazi kubwa ifanyike nyumbani bila risasi, na uwanjani niende kukagua tu kama imeingia. Uwanjani tunaita kulenga kavu.

Utaratibu wangu nauandika kwa urefu kwa sababu hapa ndipo mtu anaweza kuua. Magazini inatoka. Slaidi, kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele, inavutwa, chumba cha risasi nakitazama kwa macho, kisha nakigusa kwa kidole kidogo, kwa sababu jicho lililochoka huona linachotarajia. Risasi zote zinafungiwa kwenye sefu iliyo chumba kingine na ufunguo unabaki huko. Ndipo naingia chumba cha mazoezi, nanyoosha bastola kwenye ukuta mnene wa mawe wa upande wa nyuma, ukuta usio na chumba wala njia baada yake. Watoto wakiwa macho sifanyi. Simu ikilia nasimama, na nikirudi naanza ukaguzi upya tangu mwanzo. Nikimaliza natamka kwa sauti kwamba nimemaliza, bastola inarudi sefuni, na siirudii hata kama nimekumbuka kitu kizuri cha kujaribu. Hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote: mtu anamaliza, anapakia bastola, halafu anataka "moja tu ya mwisho". Hakuna moja ya mwisho.

Shabaha yangu ni duara la karatasi nyeusi la sentimita mbili, mita tano kutoka niliposimama. Machoni linaonekana sawa kabisa na la sentimita 20 lililoko mita 50.

Juu ya slaidi, karibu na saiti ya mbele, naweka sarafu ya shilingi. Nabonyeza. Sarafu isianguke. Glock inabidi uvute slaidi kidogo kila baada ya kubofya ili triga irudi, kwa hiyo sarafu inaondolewa na kurudishwa kila mara, na mwendo unakuwa wa polepole. Polepole hiyo imenifaa. Triga hii ina sehemu tatu: kwanza ulegevu, kisha mahali pagumu, kisha inaachia. Nilikuwa naziruka zote kwa pigo moja. Sasa naumaliza ulegevu huku naishusha saiti kwenye duara, nafika pagumu, natulia hapo kwa muda mfupi sana, kisha naongeza uzito kidogo kidogo bila kuacha, saiti ikiyumba iyumbe. Inaachia yenyewe. Wiki ya kwanza sarafu ilianguka mara nyingi. Siku hizi ikianguka nashangaa.

Robo saa inatosha. Zaidi ya hapo mkono unachoka na ninaanza kujifundisha upya yale ninayoyaacha.

Ramadhani

Uwanjani siendi. Mchana mikono inatetemeka kwa kiu na usiku uwanja umefungwa. Mazoezi makavu yameendelea baada ya tarawehe, watoto wakishalala.

Nimeitumia nafasi hii kushughulikia macho. Nimevuka miaka arobaini na kitu, na mwezi uliopita niligundua kwamba saiti ya mbele naiona na manyoya pembeni. Jicho haliwezi kuona vizuri saiti ya nyuma, ya mbele na shabaha kwa wakati mmoja. Lazima lichague, na chaguo sahihi ni saiti ya mbele. Shabaha iwe na ukungu, sawa. Lakini kama saiti yenyewe ndiyo yenye ukungu, ile milimita moja ya hesabu yangu nitaionaje?

Nilikwenda kwa daktari wa macho, mjini karibu na barabara ya Digo, nikiwa na kijiti cha urefu wa mkono wangu chenye alama mwishoni. Nikamwambia, daktari, sitaki kusoma gazeti wala kuona mbali, nataka ncha hii iwe kali. Alijaribu lenzi moja baada ya nyingine, tukaishia +0.75 upande wa kulia, jicho langu kuu. Mbali kunabaki na ukungu mdogo, lakini duara jeusi bado duara. Fremu nimechagua ya plastiki ngumu yenye kinga ya pembeni, maana ganda la shaba linatoka likiwa moto na huruka litakako.

Jicho kuu, kwa asiyelijua lake: nyoosha mikono, unda tundu dogo kwa viganja viwili, tazama taa ya mbali kupitia tundu hilo, kisha fumba jicho moja moja. Jicho linalobaki na taa ndilo. Kuna watu wamepiga miaka kwa jicho lisilo lao.

Aprili

Tumerudi uwanjani baada ya Idi. Mita 25: sentimita 15. Matundu hayako tena chini kushoto, yametawanyika kuzunguka katikati, na hilo kwangu lina maana kuliko ile namba. Kutawanyika kote kunaonyesha kuyumba. Kwenda upande mmoja kulionyesha kubana.

Mita 50: sentimita 34, na zote ziko kwenye karatasi.

Ami aliitazama karatasi, akasema, "Haya, sasa twaweza kuzungumza." Mazungumzo yakawa juu ya mshiko.

Nilikuwa nimeshika kwa nguvu kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa msindikizaji tu. Ameugeuza mpango wote. Mkono wa kulia ushike juu kabisa chini ya slaidi, wa kutosha kuizuia isiteleze, usizidi, ili shahada ibaki huru. Wa kushoto ndio ubane kwa nguvu, kiganja chake kikijaza pale kwenye mpini palipobaki wazi, dole gumba likielekea mbele, kifundo kimekazwa. Viwiko visinyooke mpaka kufunga. Uzito wa mwili uende kidogo mbele ya nyayo. Saa ya kwanza niliona vibaya, mkono wa kushoto ulitetemeka. Kufikia mwisho wa mwezi bastola ilikuwa ikirudi yenyewe mahali pake baada ya kila mshindo, saiti ikiinuka na kushuka kwenye njia moja iliyonyooka. Ndipo nikaanza kuiona saiti wakati risasi inatoka. Zamani nilikuwa nafumba jicho bila kujua. Sasa naweza kusema, kabla ya kwenda kutazama karatasi, "hiyo imekwenda juu kulia", na ninaikuta juu kulia. Nadhani hiki ndicho kipimo cha kweli cha maendeleo: kujua ulipoipiga bila kuangalia.

Jasho bado ni tatizo letu la Pwani. Nimejaribu unga wa chaki wa wapanda miamba na unasaidia, ila taulo kavu ya mkono, inayotumiwa kila baada ya risasi tano, inasaidia karibu sawa na haiachi matope kwenye mpini.

Aprili, kuhusu risasi

Nimelinganisha aina mbili, zote zikiwa zimelazwa kwenye mchanga mita 25. Ya gramu 7.45, ambayo kwenye sanduku huandikwa greni 115, na ya gramu 8, greni 124. Nzito ilikusanyika vizuri zaidi kwa bastola yangu, tofauti ya sentimita mbili hivi. Kwa bastola nyingine inaweza kuwa kinyume, kwa hiyo mtu apime yake. Nimechagua hiyo moja na nitabaki nayo mpaka mwisho wa mradi, maana kubadilisha risasi katikati ni kuvuruga hesabu.

Kushuka kwa risasi watu wanakuogopa bure. Ukiwa umelenga sawasawa kwa mita 25, mita 50 risasi inatua chini kwa sentimita nne au tano tu. Upepo pia, hata ukivuma wa ubavuni, unaisogeza sentimita chache. Upepo unachosumbua ni mwili wangu, maana unasukuma mikono iliyonyooka. Dawa ni kungoja upungue.

Mei

Mvua. Masika ya Mombasa mwezi wa Mei haina huruma, na uwanja umejaa maji. Mwezi wa mazoezi makavu, na wa kutu.

Slaidi ya Glock imetiwa kinga nzuri, lakini si kila kipande kimetiwa. Pini ndogo, springi za magazini na skrubu ya saiti ya mbele huliwa na chumvi ya hewa hii. Napangusa bastola kila jioni ninapoishika, jasho la kiganja ni chumvi tosha. Mafuta kidogo, kitambaa cha pamba, na vifuko vya kunyonya unyevu ndani ya sefu vinavyobadilishwa kila mwezi. Risasi zilizokaa kwenye magazini muda mrefu nimezitoa, maganda mawili yalikuwa yameanza kufanya kijani. Hizo sizipigi kwa kupimia umbali.

Nimepita pia kukagua tarehe za leseni. Sheria ya silaha, Sura ya 114, haina mchezo na mtu aliyechelewa, na mradi wote huu unasimama juu ya karatasi hiyo.

Juni

Kusi limeingia, hewa imepoa, mwanga wa asubuhi ni mzuri. Nashangaa nilivyoweza kufanya kazi Februari.

Mita 25: sentimita 11. Mita 50: sentimita 26, saba kati ya kumi ndani ya duara jeusi.

Jambo jipya lililojitokeza ni upana wa saiti. Saiti ya mbele ya kiwandani ina takriban milimita nne. Kwa jicho langu, mkono ukinyooka, milimita nne hizo zinafunika karibu sentimita 29 za karatasi iliyoko mita 50. Duara lina ishirini. Yaani nikiliweka duara nyuma ya saiti, linapotea lote. Nimehama na kulenga chini yake: duara jeusi linakaa juu ya ncha ya saiti, uzi mwembamba wa weupe kati yao. Uzi huo jicho linaupima vizuri ajabu, linaona hata ukipungua nusu. Tatizo ni kwamba Glock yangu inapiga pale ncha inapogusa, kwa hiyo risasi zote zikashuka. Nimebandika alama nyeusi ya pili upande wa juu wa karatasi, nikalenga chini ya ile ili zipande kwenye duara. Kwa muda inafaa. Doa jeupe la saiti nimelifunika kwa wino mzito mweusi, maana jua la ubavuni lilikuwa likiling'arisha upande mmoja na jicho linafuata mng'aro.

Pumzi pia nimeipanga. Navuta, natoa, na pale pumzi inapokwisha kabla ya nyingine kuja kuna utulivu wa sekunde chache. Kazi yote iishe humo. Isipoisha, nashusha bastola, kidole nje ya triga, naanza upya. Kushusha bila kupiga kulinichukua muda kukuzoea. Nyuma yako kuna watu wanangoja zamu, na mkono unaona aibu. Ami huwa anasema kwa sauti, kila mtu asikie: "Hiyo aliyoishusha ndiyo nzuri ya leo." Baada ya hapo hakuna tena anayeona haya.

Nataka kuandika neno moja kuhusu masikio na mikono, kwa sababu vijana wawili wapya walikuja bila chochote. Mlio wa bastola ya milimita 9 unafika takriban desibeli 160, na sikio likishaumia halirudi. Mimi huvaa vizibo ndani na vifuniko juu, vyote viwili. Isitoshe kupunguza mshindo masikioni kunapunguza ule woga unaozamisha mtutu, kwa hiyo hata usahihi unanufaika. Mikono: risasi ina risasi, madini yenyewe, na vumbi lake linabaki kwenye vidole. Sisi tunakula kwa mkono. Kabla ya kugusa hamri nje ya geti, maji baridi na sabuni, mpaka kwenye kucha, na nguo za uwanjani zisikumbatie mtoto kabla hazijavuliwa.

Julai

Mita 25: sentimita tisa. Karibu sana na ile saba ya mchanga. Kwa umbali huu bastola na mimi tumekaribiana kiasi kwamba sioni pa kupunguza zaidi.

Mita 50, leo asubuhi, upepo kidogo, wingu jembamba: tisa ndani ya duara jeusi, moja imetoka juu kulia, nje ya mstari kwa upana wa kidole. Mkusanyiko mzima sentimita 22. Hiyo iliyotoka niliiita kabla ya kwenda kutazama, mkono wa kushoto ulilegea. Mbili zimekaa pete ya tisa na moja imeikata ya kumi.

Wenzangu wawili ambao Januari walinicheka na mita 50 zangu wameomba karatasi, wakatundika zao pembeni. Mmoja ana bastola ya Ceska, nzito kuliko yangu, chuma tupu, na risasi za kwanza kumi zilimwendea chini kushoto. Nikampakilia magazini, nikachanganya na za bandia, nikageuka asione.

Kinachofuata: kwa mara ya kwanza nitabadilisha kitu kwenye bastola. Fundi mwenye leseni ataweka saiti ya mbele nyembamba zaidi, ya chuma, yenye kimo kifupi kidogo ili risasi zipande na niweze kuachana na ile alama ya juu. Kabla hajaigusa nitapiga kumi nyingine na saiti hii hii, mita 50, risasi za gramu 8, nizipime na kuziandika hapa, ili zitakazofuata ziwe na cha kulinganishwa nacho.